Nyota za Nywele na Shaba

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimezaliwa upya! Daktari Ximena Tapia, wa kituo cha kutazamia nyota kule mlimani, amebandika tangazo sokoni. Ukuta mmoja wa ukumbi mpya wa wageni unatafuta kazi ya sanaa. Iwe ya vitu mchanganyiko. Ihusu nyota. Iwe na sayansi ndani yake.

Ukuta mzima! Mimi Baldomero, kinyozi wa mji wa Vicuña, nimeota mbingu maisha yangu yote huku nikitazama visogo vya watu. Nikamwambia mke wangu, Griselda. Akauliza sayansi nimejifunzia wapi. Nikaenda kunoa wembe.

Shida moja. Shemeji yangu Rosenda, dada yake Griselda, naye kaliona tangazo. Ni mfumaji. Ana kipaji. Inaudhi.

Jumanne, 5 Machi
Nimenyoa wazee bure kutwa. Nataka nywele zao nyeupe, ndizo zitakuwa ule mkanda wa nyota unaokata anga. Nyota kubwa ni shaba iliyosagwa. Ndogo ni chumvi ya mawe. Anga lenyewe ni bati la banda la mbuzi, nimelipaka rangi nyeusi. (Mbuzi hawakushauriwa.)

Gundi iliniishia nikiwa kwenye Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo. Nikatumia maziwa mazito ya sukari aliyopika Griselda. Yananata vizuri ajabu.

Jua lilipoinama nyuma ya mizabibu, chumvi ikawaka. Nikahisi naelea. Bonde lote chini yangu, zabibu zikinukia, na mimi napita kati ya nyota polepole kama unyoya. Nikaja kuamshwa na kelele: kulikuwa na mteja kwenye kiti bado, kanyolewa nusu kichwa.

Jumatano, 6 Machi
Sisimizi wamebeba Kilimia! Chote! Nimewakuta wakishuka ukutani kwa foleni, kila mmoja na punje yake ya nyota. Nikapiga yowe. Griselda akasema afadhali wao, wanajua wanakokwenda.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda kupeleleza kwa Rosenda. Nikabeba jibini ya mbuzi iwe kisingizio.

Mungu wangu, ile kazi! Sufu na nyuzi za shaba, rangi zinatiririka kutoka nyekundu hadi zambarau, na katikati yake mistari myembamba myeusi. Rosenda akanieleza kuwa mwanga wa nyota ukipita kwenye kioo maalumu hupasuka hivyo, na mistari myeusi ndiyo inayosema nyota ina nini ndani. Huu chuma. Huu sodiamu, ile ya kwenye chumvi. Kwa muda nikasahau hata kuona wivu.

Kisha nikakumbuka. Nikamwambia: “Shemeji, wataalamu hawapendi nyeusi. Watadhani umekosea.”

Akanitazama sana. “Una hakika, shemeji?”

“Kinyozi husikia kila kitu.”

Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 8 Machi
Rosenda amefumua nyuzi zote nyeusi! Griselda kamkuta analia juu ya kitambaa. Nikaiweka chini pai yangu ya mahindi. Kisha nikaimaliza, na kipande cha pili juu.

Jumamosi, 9 Machi
Siku ya hukumu. Tukapanda mlimani. Nikashusha bati langu, upepo ukaja, na ule mkanda mweupe ukaruka wote na kutua kwenye koti la Daktari. Akapiga chafya. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu yangu.

Kitambaa cha Rosenda kilitundikwa dirishani. Pale palipokuwa na nyuzi nyeusi palibaki mianya, na jua likapenya. Mistari ya mwanga ikalala sakafuni, mabegani mwa watu, kwenye kiganja changu. Daktari akanong'ona kuwa ndivyo yanavyong'aa mawingu ya gesi ambamo nyota huzaliwa: palepale pa mstari mweusi, hutoka mstari wa nuru. Akampa Rosenda ukuta, akauliza wazo hilo kalipata kwa nani.

“Shemeji yangu huyu,” akasema Rosenda.

Wakanipigia makofi! Nikafumba kiganja, nikidhani nitaondoka nao ule mwanga.

Jumapili, 10 Machi
Nimemweleza Griselda yote, kanituma nikakiri. Nikaenda, kofia mkononi, nikaanza kugugumia. Rosenda akacheka mpaka akashika ukuta.

“Nilijua unaniongopea, shemeji! Wivu wako unaonekana toka barabarani. Nilifumua uzi mmoja tu nikuoneshe ulivyo mjinga, jua likapita. Nikalia kwa furaha, nikaendelea.”

Akanipa divai. Tukanywa, mwanga wa jioni ukiyeyuka milimani.

Nimetafakari njia nzima ya kurudi. Imethibitika: uongo wangu una sayansi ndani yake. Na Daktari anatafuta kazi ya ukuta wa pili! Nasikia Eulogio mfinyanzi anaufinyangia mwezi wa udongo. Kesho asubuhi nampitia. Nitamwambia wataalamu hawapendi duara.