Pedi ya Kuazima

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya sabini bila kuona siku zangu. Miaka arobaini na saba, na mwili umeanza vituko! Desemba zilikuja mara mbili, kisha kimya. Nesi wa zahanati alisema ni kawaida hedhi inapokaribia kukoma, nirudi Jumamosi tuzungumze. Nesi mwenyewe juzi tu alikuwa shuleni. Sirudi.

Wenzangu wa karakana ya kushona sare wasijue, hasa Mama Pindo wa cherehani ya jirani. Macho yake hayakosi kitu. Mpango: kesho nimwombe pedi mbele ya watu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeomba, kwa sauti ya kutosha. Mama Pindo akanitazama sana, akasema siku hizi habebi. Mchoyo! Mkata vitambaa akanipa yake.

Saa nne joto likanipanda kifuani hadi masikioni. Nikasingizia feni. Nikapanda kigoda kuitengeneza, nikaiua kabisa. Sasa tunatoka jasho wote, mimi sionekani. Akili ninazo!

Jumatano, 6 Machi

Kutwa nimeshika kiuno nikiugulia tumbo la uongo. Matokeo: mashati kumi na mawili, kila moja mikono miwili ya kushoto. Msimamizi amefoka. Mama Pindo akabaki kunisaidia kufumua, wala sikumwomba.

Bila kuinua macho akasema, "Mimi mwaka wa pili huu. Zinakuja zinavyotaka. Sikuwa na wa kumwambia."

Nilitaka kumweleza yote: shuka zinazolowa jasho, kilio kwa sababu ya kifungo kilichopotea, binti yangu anayepokea simu akiwa na haraka. Akasema Jumamosi anakwenda kwa nesi, tuongozane. Nikamjibu pole shoga yangu, mimi bado kabisa. Akakunja uzi wake, akaondoka.

Ijumaa, 8 Machi

Zimekuja! Za kweli, nyingi, bila taarifa. Nikageuka kumwambia Mama Pindo. Amehamia cherehani ya dirishani. Anasema huko kuna upepo.

Jumamosi, 9 Machi

Nyumba kimya. Nimefuta meza mara tatu. Upweke umenishika, acha niandike tu.

Mpango mpya: nitokee zahanati nikijifanya namsindikiza shangazi. Mama Pindo atanisogezea nafasi kwenye benchi, tutaongea, na hatajua chochote. Kasoro moja tu, sina shangazi. Nimemgongea bibi wa mlango wa pili, nikamwomba awe wangu hadi mchana.

Anavaa viatu.