Mkweche wa Mbio na Nusu ya Ng'ombe

Jumamosi, 1 Juni

Nimeamua. Mwaka huu naingia! Miaka kumi na moja nimekuwa mgeni wa Klabu ya Vumbi la Bonde. Miaka kumi na moja nageuza soseji nje, juani, wenzangu wakiwa ndani wanasifiana injini. Imetosha. Verlin Hatchett si mpishi wa mtu.

Leo mwenyekiti wetu, Mzee Hollis Quade, katangaza kwamba nafasi moja ya uanachama iko wazi. Kura tarehe 29. Wagombea wawili: mimi na jirani yangu, Dwight Ostrander. Dwight! Mtu aliyehamia hapa Lindsay juzi tu, miaka minne haijatimia, na soseji hata moja hajawahi kugeuza.

Sharti ni lile lile lililobandikwa mlangoni: uje unaendesha mkweche wa mbio uliouunda kwa mikono yako mwenyewe. Mwili wa enzi za babu, paa lililopunguzwa kimo, injini ya kichaa. Ukipita, unafungiwa nembo ya alumini chini ya bampa la nyuma, na tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru, unaandamana kwenye gwaride mbele ya mji mzima. Naitaka ile nembo. Naiota. Mke wangu Nadine anadai juzi nilikuwa naipapasa usingizini, kumbe ni goti lake.

Nilipoingia kuchukua barafu nilimkuta Mzee Hollis anakipigia saluti kile kipande cha bati la njano kilichotundikwa juu ya friji. Kina picha ya makalio ya ng'ombe na mkia. Kila akiingia lazima saluti. Sijawahi kuuliza kwa nini. Ukiulizauliza unaonekana mgeni.

Jumapili, 2 Juni

Kununua au kuunda? Nimekaa na karatasi asubuhi nzima. Kununua: unapata leo, linawaka leo. Kuunda: heshima. Nadine kauliza kwa nini nisiache yote mawili nikapake rangi veranda. Nimejitia sikusikia.

Dwight anaunda. Mwaka wa tatu huu, na gari lake bado linafanana na meza. Lakini mimi si Dwight. Nitaunda, na nitamaliza kwa wiki nne. Thubutu nishindwe!

Jumatano, 5 Juni

Nimeazima mashine ya kuchomelea. Nikaanza na jambo dogo la kupashia mkono: bawaba ya geti la bustani.

Geti sasa limeshikana na nguzo. Halifunguki. Nadine alikuwa upande wa ndani na toroli lake la mbolea, ikabidi aruke ukuta, na miaka sitini na mbili aliyo nayo. Maneno aliyoniambia siyaandiki. Dwight kaja, kalitazama geti, kauliza kwa upole kama nilikuwa najaribu kulifunga au kulifungua. Mbea mkubwa!

Nimebadili msimamo. Nanunua.

Jumapili, 9 Juni

Tatizo ni lile sharti. Nimezunguka chumbani kama kuku anayetaka kutaga, mpaka likanijia. Loo! Nitanunua gari lililokamilika, mbali, ambako hakuna anayelijua. Nitalifungua lote, nati kwa nati. Kisha nitaliunda upya, mlango wa gereji ukiwa wazi, watu wote wakiona. Nani atasema sikuliunda? Sharti halisemi vipande vilikuwa wapi kabla.

Juzi nimempata bwana mmoja Elko, kule Nevada. Ford ya 1932, nyeusi, milango miwili, inanguruma hadi meno yanacheza. Nimemuuliza nani aliiunda. Hajui. Alinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu. Safi kabisa! Gari halina baba.

Kaileta leo kwa trela, watu wakiwa kanisani, tukabadilishana. Mimi nimempa karavani yetu, ile tunayoivuta tukienda Oregon kumwona mjukuu. Nadine karudi kanisani, kauliza karavani iko wapi. Nimemwambia imekwenda kupumzika. Katazama Ford, kanitazama mimi, kasema ikifika Agosti bila karavani, nitamvuta hadi Oregon kwa miguu, yeye akiwa amekaa kwenye toroli. Hakucheka aliposema.

Jumatano, 12 Juni

Siku tatu nimelifungua, mlango umefungwa. Leo kazi imeanza! Saa kumi na moja jioni nafungua mlango wa gereji, najipaka grisi usoni, naanza kuunda. Nadine anasema leo nimejipaka grisi kabla ya kufungua kisanduku cha spana. Hajui maonyesho yule.

Watu wanapita, wanapunga mkono. Nawaambia gari nimelitoa kichakani, bodi tupu, kuku walikuwa wanatagia ndani. Wanatikisa vichwa kwa heshima. Raha iliyoje!

Nimelala chini ya sakafu nikakuta kichekesho. Aliyeunda gari hili aliziba tundu kwa bati la njano, alama ya barabarani ya kuonya kuhusu mifugo. Kichwa cha ng'ombe na miguu miwili ya mbele, basi. Kazi ya ovyo! Nilitaka kulipaka rangi nyeusi, lakini kopo lilikuwa limekauka. Nikaliacha. Nani hutazama chini ya sakafu?

Jumapili, 16 Juni

Siku ya Akina Baba. Mjukuu kapiga simu kutoka Oregon, kauliza tunakuja lini na nyumba yenye magurudumu. Nimempa simu bibi yake.

Kufungua kulikuwa rahisi mno. Kurudisha, hapana. Nina mirija mitatu inayofanana, na matundu ni mawili tu. Kabureta nimeifunga mara nne na kila mara ina sura mpya. Nilipiga picha za kila hatua, lakini kila picha imetokea kidole gumba changu. Sirudi nyuma. Kesho naanza tena saa kumi na mbili asubuhi.

Jumamosi, 22 Juni

Leo injini imewaka! Kwa sekunde tatu. Kisha ikakohoa, ikatema moshi, ikachoma pazia la Nadine.

Dwight kaja mbio na ndoo ya maji. Baada ya kuzima, hakuondoka. Kainama, kasikiliza, kasema nyaya za plagi nimezipishanisha. Kazipanga, kaenda kwake, karudi na gasketi mpya aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya gari lake. Nimemwambia lakini wewe unashindana nami, bwana. Kasema ndiyo, lakini haiwezekani kulala huku unasikia injini ya mwenzio inateseka.

Sikudanganyika. Huyu kaja kupeleleza. Gasketi nimepokea.

Ijumaa, 28 Juni

Gari limesimama. Linawaka, linakwenda, linafunga breki nikikanyaga mara mbili. Kumebaki kopo zima la bolti ambazo sijui zilitoka wapi. Nimelificha nyuma ya rangi za veranda.

Nadine kakaribia kutabasamu. Kasema ukiipata hiyo nembo, Verlin, angalau mmoja wetu atakuwa amepata kitu. Nimemwahidi.

Jumamosi, 29 Juni

Naandika kabla sijalala.

Nimeingia uwanjani saa nne asubuhi, kishindo, kofia pembeni. Watu wakapiga makofi! Dwight akaja nyuma yangu, gari lake halina rangi, halina boneti, gia moja tu. Likapiga chafya langoni likazimika, akamalizia kwa kusukuma. Nikajiambia kwisha habari yake.

Sasa, mimi siku zote ukaguzi ukifanyika nimeinamia soseji. Kumbe wana utaratibu! Mzee Hollis anachukua kioo kilichofungwa kwenye fimbo, anakiingiza chini ya gari, anatazama kila kitu. Ana miaka themanini na mbili, na macho kama ya mwewe.

Kioo kikafika chini ya sakafu. Kikasimama.

Mzee Hollis akaniuliza, taratibu, lile bati nimelipata wapi. Ningesema sijui, yangeisha. Lakini mdomo wangu! Nikasema nimeliokota kwenye mfereji, barabara ya Strathmore, wiki mbili zilizopita, nikalikata kwa mkasi wangu mwenyewe. Akauliza nusu ya pili iko wapi. Nikasema nilitupa, ilikuwa na kutu.

Mzee Hollis akaenda ndani. Nikamwona kupitia dirishani anapanda kiti mbele ya friji. Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka kumi na moja nayatazama yale makalio!

Akarudi nayo. Wakainua gari kwa jeki. Dwight akalala chini, akaiweka ile nusu kando ya nusu yangu. Ng'ombe mzima! Kichwa, tumbo, mkia. Hata tundu la risasi katikati likakamilika duara.

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na Ford.

Mzee Hollis hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema hilo bati alilikata mwaka 1959, nusu akazibia sakafu ya gari, nusu akabaki nayo, akiwa na miaka kumi na saba, alipoiba alama kwenye barabara ya mfugaji mmoja. Mfugaji akamkamata, akamwambia hakuna polisi, utanikamulia ng'ombe kiangazi kizima. Akakamua. Mfugaji alikuwa na binti, Wanda. Kwa gari hili hili alimchumbia, na gari hili hili aliliuza mwaka 1967 ili Wanda apate paa lisilovuja mtoto anapozaliwa. Wanda alifariki miaka sita iliyopita. Amelitafuta gari tangu hapo. Ameandika barua majimbo manne.

Akafungua mlango, akaketi, mkono kwenye kiti cha pembeni, kitupu. Akalia, mzee wa watu, bila kujificha. Na mimi nikaona haya. Haya ya kweli, ya masikio kuwaka moto. Hii naiandika kwa sababu hainipati mara nyingi.

Haikudumu. Nikamsogelea nikamnong'oneza kwamba gari ni lake, mradi nembo iwe yangu. Mzee Hollis akacheka huku anafuta machozi, akasema, "Verlin, mwanangu, una uso mgumu wewe! Sharti ni sharti. Gari hili nililiunda mimi."

Nikafungua mdomo nianze kubishana. Nadine, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akatia mkono mfukoni mwangu, akatoa funguo, akamkabidhi mzee. Hakuniuliza. Hakunitazama hata.

Kura: Dwight kumi na tisa, mimi sifuri. Sikuwa na njaa, lakini mtu alilazimika kugeuza soseji.

Alhamisi, 4 Julai

Mzee Hollis kaja asubuhi anavuta karavani yake, safi, magurudumu mapya. Kasema yeye hana tena wa kusafiri naye, hii ni badala ya gari, twendeni Oregon. Nadine kamkumbatia hadi kofia ikamdondoka. Kisha, mara ya kwanza tangu Juni, kanishika mkono.

Nimeandamana! Ndani ya Ford, kiti cha pembeni, Mzee Hollis kwenye usukani. Nimepunga mikono yote miwili. Mbele yetu Dwight, nembo inametameta, gia moja. Mzee kaniambia niende kwake kila Jumamosi, atanifundisha kuchomelea, tuanze na mstari mmoja ulionyooka. Kasema baada ya miaka miwili nitakuwa na gari langu, la jasho langu. Nimemshukuru sana. Miaka miwili!

Nimekaa nikalitafakari suala zima kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilinunua gari ambalo mwenyewe aliyeliunda bado yu hai.

Kuna Ford nyingine, ya 1934, Idaho. Nimempigia muuzaji sasa hivi, Nadine yuko nje anapanga vyombo ndani ya karavani huku anaimba. Nimemuuliza swali moja: aliyeiunda yuko wapi? Kasema alikufa mwaka 1988, kaburi lake analiona kutoka jikoni. Safi kabisa! Nikauliza angependa kubadilishana na nini. Kasema mkewe anataka karavani.

Chini ya sakafu sikuuliza kuna nini. Nani hutazama chini ya sakafu?