Meza ya Kikorea ya Watu Kumi na Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema! Bosi anafungua tawi la pili la dobi letu na anatafuta msimamizi. Miaka tisa nafua mashuka ya watu. Msimamizi ni mimi, kilichobaki ni yeye kujua. Kasema Jumamosi sote kumi na mmoja twende tukale nyama choma ya Kikorea, ile ya jiko katikati ya meza, na mgahawa tuchague wenyewe. Atakayewakalisha watu kumi na mmoja meza moja bila ugomvi, huyo ataweza kuendesha tawi. Nikajibu papo hapo kwamba mambo ya Kikorea waniachie mimi. Sijawahi kula chakula chao. Lakini video nimeona.

Pasi Moto, dada wa meza ya kupigia pasi, naye akanyoosha mkono. Kimbelembele!

Jumanne, 4 Machi
Pasi Moto kabandika karatasi ukutani. Mgahawa wake una bomba la kuvuta moshi juu ya kila meza, na wahudumu wanakuchomea. Eti sisi watu wa nguo safi hatuwezi kurudi tunanuka moshi. Utadhani tunakwenda kuanikwa!

Mimi nimechagua ule wa nyuma ya kituo cha mafuta. Makaa halisi. Nikaenda kuukagua, mhudumu akasema nyama ya kuchoma mezani huanzia watu wawili. Nikampigia shemeji, kaka wa mke wangu, mtu ambaye kwa chakula hachelewi. Alichoma yeye, akageuza yeye, akala yeye. Mimi nilijifunza kufunga nyama kwenye jani la saladi, basi. Shemeji kauliza mbona machozi yananitoka. Nikamwambia ni furaha.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya kampeni. Nimemnong'oneza dereva kwamba kwa Pasi Moto nyama ni nyembamba mpaka unaiona sahani kupitia kwayo. Mama wa kaunta, mgonjwa wa magoti, nimempa pole mapema: huko watu hukaa sakafuni. Fundi wa mashine nimemwambia ni lazima kuvua viatu. Soksi zake tunazijua wote.

Kura saba kwa tatu! Bosi hakupiga. Sikumdanganya mtu, niliwasaidia tu kufikiri. Pasi Moto kanipongeza. Mnafiki.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu anasema nivae shati la bluu. Shati la bluu ni la mfuaji. Kwenye reli ya nguo za wateja kuna suti ya kijivu, nambari 47, mwenyewe wiki ya tatu hajaifuata. Nguo ikining'inia sana inapoteza umbo. Nitaitembeza kidogo, kwa faida yake. Tiketi ya nambari iliyobanwa ukosini nimeitoa. Imenikaa kana kwamba nilipimwa, ila mikono inafika vidoleni.

Jumapili, 9 Machi
Jana sikuandika.

Makaa yaliwashwa, tukapoteana kwenye moshi. Bosi akanipa koleo mbele ya wote, akasema mtaalamu atuonyeshe. Nikamwaga nyama yote kwa mpigo mmoja. Mafuta yakadondoka, moto ukapanda hadi kidevuni kwa dereva. Mama wa kaunta akakohoa mpaka akaletewa maji. Pasi Moto akasema taratibu, kaka, weka vipande vichache vichache. Upole wake ndio unaoudhi.

Nikageuka kumwita mhudumu alete nyama nyingine. Mgongo wangu ukawaelekea wote. Meza nzima ya watu ambao kazi yao ni kusoma tiketi! Dobi letu hubana tiketi mbili, moja ukosini na moja nyuma kwenye mpasuo wa koti. Wageni kazini huwafundisha kanuni hiyo mimi mwenyewe. Mama wa kaunta akasoma kwa sauti, kwa mazoea tu: arobaini na saba. Akaongeza kwamba mteja huyo kapiga simu, Jumatatu asubuhi anakuja kuichukua.

Bosi akafuta miwani yake, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Hakutabasamu. Pasi Moto akachukua koleo, akachoma vizuri, wakala wakashiba. Ugomvi haukuwepo kabisa, maana wote walikuwa wanamcheka mtu mmoja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 10 Machi
Pasi Moto ndiye msimamizi. Mimi nimehamishiwa chumba cha mataulo. Suti imefuliwa mara tatu, bado inanuka mbavu za ng'ombe; mteja kaja asubuhi, karudi mikono mitupu. Bosi kaniamuru nimwandikie mteja barua ya kuomba radhi. Roho iliniuma, nisiseme uongo, iliniuma hadi saa ya chakula.

Kisha nikasoma fomu ya mteja. Meneja wa hoteli! Vyumba mia mbili! Mungu hamtupi mja wake!

Barua iko tayari. Mistari miwili ya radhi, kurasa mbili za wasifu wangu. Nimemfafanulia kwamba dobi analolitumia halina usimamizi, wafanyakazi wanafikia hatua ya kuvaa nguo za wateja, hivyo hoteli ifungue dobi lake na kunikabidhi mimi. Bosi anataka kuisoma kesho kabla haijatumwa. Aisome tu. Tahajia nimehakiki mara mbili.