Tabasamu la Upande Mmoja

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu karudi hospitali, katolewa rovu shingoni. Hasemi nami. Ati njia nzima ya kwenda kupasuliwa nilimweleza muundo wa koo. Nani mwingine angemweleza? Shemeji, kaka yake mkubwa, amepiga simu: atakuja Alhamisi, na akimkuta dada yake bado kanuna, anamchukua kwake. Kwake! Mtu asiyejua hata koo lina njia mbili.

Jumanne, 4 Juni
Ugunduzi! Nzi alitua shavuni mwa mke wangu, mbele ya sikio. Nikamgonga kwa ncha ya kidole. Nzi akaruka. Pembe ya mdomo wa mke wangu ikapanda, ikashuka. Tabasamu! Nikarudia bila nzi. Likaja tena. Ila macho hayakushiriki. Yalinitazama tu, makavu. Ni kama nimebisha hodi, na aliyefungua si mwenye nyumba.
Akaniuliza kwa nyusi tu nina nini. Nikasema nzi.

Jumatano, 5 Juni
Mazoezi. Shavu la kulia latii vizuri, kwa hiyo kesho Shemeji akija nitakaa kulia. Analalamika midomo yamchonyota, vidole vyafa ganzi. Nikamfafanulia kwa utaratibu kwamba kukaa kutwa huzuia damu. Akajibu kwamba siku atakayokufa nitawaeleza waombolezaji sababu, na bado nitakosea. Nimefurahi sana. Kaongea!
Jioni mdomo ulipanda kabla kidole changu hakijafika. Sikulipenda hilo. Nimewasha taa mapema.

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji kafika. Nikakaa kulia, mkono begani mwa mke wangu, kidole karibu na sikio, mume mwema. Shemeji akamuuliza kama anatunzwa. Nikagonga. Tabasamu. Kama anakula. Nikagonga. Tabasamu. Kama kidonda chauma. Nikagonga; hapo niliteleza, maana nani hutabasamu akiulizwa maumivu? Shemeji akainama kumtazama usoni. Kisha akasema, polepole, kwamba dada yake anatabasamu huku analia.
Nikageuka. Kweli. Mikono ilikuwa imejikunja mapajani, vidole vimebanana kama vinaokota chumvi. Alinong'ona kwamba havifunguki. Mdomo bado ulikuwa ukipanda na kushuka, peke yake, bila mtu kuugusa.
Shemeji alimbeba hadi garini. Mimi nilibeba kandambili.

Ijumaa, 7 Juni
Daktari anasema nyuma ya rovu kuna vitezi vidogo vinavyolinda kalsiamu ya damu. Upasuaji umevishtua, kalsiamu ikashuka, na mishipa ya fahamu ikawa myepesi kushtuka: ukiigonga kidogo tu, msuli unaruka. Lile halikuwa tabasamu, ilikuwa hatari. Angechelewa zaidi, koo lingejifunga. Akauliza nani aliona dalili kwanza. Nikasema mimi, tangu Jumanne. Nilingoja pongezi. Shemeji akatazama dirishani.
Wamemtundikia dripu. Vidole vimefunguka. Daktari kamgonga shavu: kimya.

Jumatatu, 10 Juni
Yu nyumbani, na vidonge vyake. Amekataa kwenda kwa kaka yake, ati huko atakosa wa kugombana naye. Wakati wa chai nikamweleza vile vitezi, kwa punje nne za maharage juu ya sahani. Punje moja ikapotea. Nikanywa chai yangu; ilikuwa na kitu kigumu, nikakimeza.
Nilipoinua macho, alikuwa anatabasamu. Hakuna aliyemgonga! Safari hii pande zote mbili, hadi macho. Ugonjwa umeenea! Sasa mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, hata kusema hawezi. Maskini mke wangu.
Nimempigia Shemeji alete gari.