Mashine Iliyogoma Kutabasamu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mashine imefika! Imekuja kwa basi kutoka Mwanza. Ameituma binti yangu Ainomugisha, muuguzi, mtoto mwenye akili kuliko wote niliowazaa. (Nimezaa mmoja.)

Jina la mashine ni herufi tupu. Aino alizitaja kwenye simu, mimi nikasikia Sipapu. Basi Sipapu. Boksi dogo la kijivu, mpira mrefu, na mwisho wa mpira barakoa ya kuziba pua na mdomo. Unaivaa ukilala. Inakusukumia hewa usiku kucha ili koo lisijifunge. Madaktari wa Mwanza wanasema nakata pumzi usingizini. Nilibisha. Niliwaambia sijawahi kujiona nikikata pumzi. Daktari akaandika kitu.

Kwa nini nilipelekwa Mwanza: nilisinzia nikikamua. Paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, ndoo magotini. Ng'ombe alivumilia. Mke wangu Xaveria hakuvumilia. Na kahawa ya kutafuna ilikuwa imejaa shavuni!

Sasa jambo kubwa. Xaveria amehama chumba tangu Pasaka. Analala chumba cha Aino. Leo ametamka mbele ya Sipapu, kama aliye mbele ya padri, kwamba atarudi siku mashine itakapotabasamu. Ina kioo, na asubuhi kioo kinaonyesha uso. Ukilala nayo vizuri, uso unatabasamu. Usipolala nayo, unanuna. Mpaka Jumapili usipotabasamu, atapanda pikapu ya kaka yake Elpidius, aende kukaa kwake kule Ndama, Karagwe, mpaka atakapojisikia kurudi. Begi limeshashushwa kutoka juu ya kabati.

Elpidius! Shemeji yangu, muuza mabati. Hatujawahi kukutana asinikumbushe kwamba yeye hasinzii mchana. Afadhali mke wangu aende mwezini.

Lakini kazi yenyewe ni rahisi. Mtu anashindwaje kulala?

Jumanne, 10 Juni

Uso umenuna.

Si kosa langu. Nani anaweza kulala huku upepo unamwingia kama ametoa kichwa dirishani kwenye basi? Nilisali Baba Yetu nikiwa nimeivaa, ikatoka kama mtu anayepuliza moto jikoni. Nikaivua. Nikalala vizuri sana.

Xaveria anasema yeye hakuona uzuri wowote, ukuta ulitetemeka. Ameutazama uso wa mashine, akautazama wangu, akasema hawa ni ndugu.

Aino kapiga simu. Kumbe Sipapu ina laini ndani yake, inampelekea habari zangu kule Mwanza! Nimezaa muuguzi, nikapata polisi. Kasema wengi husumbuka mwanzoni. Niivae mchana nikiwa nimekaa tu, nizoee. Nikasema nimeelewa, mwanangu. Siwezi. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya walei parokiani. Mtu akipita akanikuta na mpira usoni, nitasema nini?

Jumatano, 11 Juni

Wazo!

Ndani ya Sipapu kuna kichombo cha maji ya kulainisha hewa. Aino ameagiza maji yaliyochemshwa yakapoa, basi. Lakini tatizo langu ni nini? Kusinzia. Dawa ya kusinzia ni nini? Kahawa. Na hapa Isingiro kahawa tumeanika mpaka mlangoni. Mtu akivuta kahawa usiku kucha, asubuhi anaamka akiwa ameshaamka! Nashangaa waliotengeneza mashine hawakuliona hili. Labda kwao haistawi.

Nimechemsha nzito, nimechuja kwa kitambaa, nimejaza. Sipapu yenyewe nimeipandisha juu ya kabati, pale lilipokuwa begi, ipate heshima yake.

Alhamisi, 12 Juni

Mambo mawili sikuyafikiria. La kwanza, kilicho juu huteremka. Kahawa ilifuata mpira taratibu, ikanikuta puani. La pili, kahawa inafanya kazi. Nimekesha. Nimewakumbuka wote niliosoma nao, pamoja na walionipiga.

Uso umenuna. Mto umekuwa wa kahawia, na fulana pia. Xaveria alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha ghafla, akachukua mpira na barakoa, akaanza kuviosha kwa maji ya sabuni.

Nikaona nimchangamshe. Nikamwambia hii haraka ya kuhama ya nini, kelele zangu si amezizoea tangu harusi. Akasema kelele hazijawahi kumsumbua. Kinachomsumbua ni pale ninaponyamaza. Nikinyamaza alikuwa anaweka mkono kifuani kwangu, siku hizi anaweka sikio ukutani, anasubiri, hajui kama ile ndiyo ilikuwa pumzi yangu ya mwisho. Nikikoroma tena ndipo na yeye anapumua. Amechoka kusubiri. Afadhali awe Ndama asisikie chochote.

Nilienda kuangalia ng'ombe, ingawa hawakuwa na tatizo lolote.

Lazima mashine itabasamu. Kwa njia yoyote.

Ijumaa, 13 Juni

Njia yoyote imepatikana!

Nimeichunguza Sipapu. Haijui sura, inajua pumzi tu. Ukiiwasha ukaiacha kitandani, inapiga miluzi. Nimekivalisha barakoa kibuyu cha maziwa. Kinaziba vizuri, lakini hakipumui. Inatakiwa pua hai, isiyo na maneno.

Nimekaa zizini nikiwaza hayo. Na nani alikuwa ananitazama? Ndama! Mtoto wa Bihogo, yule ng'ombe wetu mwekundu. Mpole, analala mapema, hajui kusema. Kibanda chake kinapakana na chumba changu, waya wa umeme unafika kwa kupitia dirishani. Barakoa imemkaa kama amepimwa na fundi. Mwanzoni alidhani ni titi la mama yake, akaifyonza. Nikamkuna shingo, akatulia, akasinzia. Mtoto wa watu!

Mimi nalala stoo, juu ya magunia ya kahawa, mbali na masikio ya Xaveria. Kabla hakujapambazuka Sipapu itakuwa imerudi chumbani. Najipongeza.

Jumamosi, 14 Juni

IMETABASAMU!

Xaveria alikigusa kioo kwa kidole, kama haamini. Kasema usiku hakusikia kelele wala ule ukimya. Machozi yalimlenga. Kanipikia ndizi na maharage, akatia samli, chakula cha sikukuu siku isiyo na sikukuu. Sahani ya kwanza ilipita kooni kwa shida kidogo, kwa sababu ya dhamiri. Ya pili ilipita.

Kasema barakoa inanuka maziwa. Nikasema ndivyo plastiki mpya zilivyo.

Kisha akasema anarudi chumbani leo leo. Hapo nikaona shimo kwenye mpango. Xaveria akiwa chumbani, mimi nitalala stoo kwa sababu gani? Ikabidi nimshauri asubiri kidogo, tusiiharakishe mashine. Miezi yote hii nimembembeleza arudi, leo nambembeleza asirudi! Alinitazama sana, akakubali kungoja.

Jioni Aino kapiga. Sauti ya kazini. Kasema pumzi za jana si za kawaida, ni za haraka mno, na kuna wakati ni kama mtu ananyonya. Akaniuliza moja kwa moja aliyevaa ni nani. Mtandao unakatika, mama yake yuko mlangoni. Nikanong'ona: ndama. Akauliza, Ndama? Nikasema ndiyo, ndama, usimwambie mama yako. Kisha akasema kumbe nina moyo mzuri hivyo, ila kifaa kile ni cha mtu mmoja.

Moyo mzuri umeingiaje hapo sijui. Lakini sifa huwa sirudishi. Usiku huu pia ni zamu ya ndama.

Jumapili, 15 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi. Hapana, naandika yote.

Tumetoka misa, pikapu ya Elpidius hiyo hapo uani. Nilijiandaa kwa maneno yake ya kila siku. Badala yake alinikumbatia! Ameleta mkungu wa ndizi na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi. Akaniita shemeji bora kuliko wote Kagera nzima. Nikamwacha aendelee.

Kumbe Aino alimpigia. Alimwuliza mjomba wake analalaje na mashine ya baba, maana baba amesema mashine iko Ndama. Kwenye simu ndama wa ng'ombe na Ndama ya Elpidius ni sauti moja. Elpidius hakuwa na mashine yoyote. Akajua basi nimepanga kumpa, ni zawadi ya ghafla, na mtoto ameropoka mapema. Akaja kuichukua.

Halafu akakiri, mtu mzima, macho yamelowa. Anakoroma! Mkewe Sperancia alishahamia sebuleni. Na mchana huwa anajilaza nyuma ya mabati dukani, wateja wanaambiwa ameenda benki. Sijawahi kumpenda Elpidius kama leo. Nilitaka kumwambia ukweli, lakini rubisi ilikuwa imeshamiminwa.

Xaveria hakunywa. Aliuliza mashine ingekuwaje Ndama, wakati jana asubuhi ilitabasamu hapa hapa. Nikasema teknolojia. Akampigia Aino, akaweka sauti ya nje. Aino akasema baba mwenyewe ndiye aliyesema ni Ndama, na kwamba mama asiambiwe.

Xaveria alifikiri kidogo tu. Akatoka. Nikamfuata. Alimshika ndama wa Bihogo kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Mistari ya mikanda, manyoya yamelala, shavu hili na shavu lile. Akaja akanigeuza na mimi. Mashavu yangu hayana hata alama moja.

Elpidius alicheka mpaka akashikilia pikapu. Xaveria hakucheka. Alisema leo misani ametoa shukrani, amepiga magoti, amemshukuru Mungu kwa pumzi za mume wake. Kumbe ameshukuru kwa ndama.

Akachukua begi. Wameondoka. Dumu wameniachia.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekamua. Nimekunywa chai niliyoipika mwenyewe, imeungua. Sikujua chai inaweza kuungua.

Nyumba ni kubwa mno. Nilikohoa, hakuna aliyeuliza una nini. Mambo ya kuchekesha yametokea (kuku ameingia kanisani kwa Walutheri, hajatoka) na hakuna wa kumwambia. Namkosa Xaveria. Naandika hivyo hivyo kwa sababu hakuna njia ya kulizungusha.

Nimeiwasha Sipapu kwa ajili ya sauti yake tu. Ukiwa umefumba macho ni kama kuna mtu mwingine chumbani. Nitakaa nayo kidogo hapa kwenye kiti. Nimeivaa. Ukiacha kushindana nayo, kumbe si mbaya.

Jumatano, 18 Juni

Mengi!

Juzi mchana ule nilipokaa kwenye kiti, nililala. Nililala kabisa! Leonidas, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alipita kunikumbusha kikao. Akachungulia dirishani, akaona mimi, mpira, barakoa. Hakubisha hodi. Alitimua mbio na kutangaza kwamba mimi, Methodius, nimewekewa oksijeni, asiyeniona leo hataniona tena.

Habari ilifika Ndama kabla Leonidas hajamaliza kuhema.

Nilipofumbua macho, chumba kimejaa. Rozari inaendelea. Mama mmoja alikuwa ameshaanza kulia ile sauti ya juu. Niliketi, nikasema Amina kupitia barakoa, wawili wakakimbia. Na Xaveria alikuwa amepiga magoti pembeni ya kiti, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuja kwa bodaboda kutoka Ndama, hakumsubiri hata kaka yake.

Nilijua nitasemwa. Lakini mkono wake ulikuwa kifuani kwangu. Baadaye sana, watu walipotawanyika, akasema alikaa pale muda wote akisikiliza, na mara hii hakuwa na kitu cha kusubiri. Pumzi zilikuja tu, moja baada ya nyingine. Mwisho akaacha kusikiliza, akasali pamoja na wenzake.

Jana usiku nimelala nayo tena, yeye yupo. Uso umetabasamu. Shavu hili na shavu lile, mistari. Xaveria ameipitishia kidole asubuhi, akaridhika.

Ijumaa, 20 Juni

Mimi ni mtu mpya! Nimekamua nikiimba. Nimemaliza kusoma gazeti. Nimekaa kikao kizima cha halmashauri, na kwa mara ya kwanza nimesikia kinachozungumzwa pale. Bora nilipokuwa nasinzia.

Na nimegundua jambo ambalo halijulikani kwa binadamu mwingine. Xaveria anakoroma!

Anakoroma haswa, bila kukatisha. Miaka yote nilikuwa nimemzidi sauti, hatukujua. Nimelala pembeni yake, barakoa usoni, namsikiliza, na sijui kwa nini nilikuwa na furaha kiasi kile. Kitanda kilikuwa na uzito upande wake.

Lakini asubuhi nimetafakari kwa akili hii mpya. Mimi sasa nimepona. Anayekoroma ni yeye. Mashine ya mkoromaji inafanya nini kwa mtu aliyepona? Ni kuionea tu. Kumweleza sitamweleza, atabisha, wanaokoroma huwa wanabisha. Nitasubiri asinzie, nimvalishe taratibu. Uso utatabasamu, Aino ataona pumzi safi kabisa za mtu mzima, na mimi nitalala bila mpira, kwa raha zangu. Xaveria analala fofofo siku hizi. Hawezi kushtuka.

Nimeshakaza mikanda. Kichwa chake ni kidogo kuliko changu.