Mtoto wa Tisini na Mbili

Wenzangu, leo nimeaibika. Tena hadharani, magoti nje!

Asubuhi hii, kabla ya sherehe ya uhuru, directeur, mkuu wa shule yetu ya msingi (école primaire), aliniita. Watoto wote wapite mbele ya wakubwa kwa mistari iliyo sawasawa, asibaki hata mmoja mkiani. Nipange mimi, mwalimu wa hesabu. (Mwenye maringo yake, mnanijua.)

Nikahesabu watoto: tisini na mmoja. Nikagawa kwa mbili, wapi! Kwa tatu, wapi! Kwa tano, wapi! Nikaweka chaki chini.

"Directeur, hii iko namba tasa," nikasema kifua mbele. "Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Donc, mistari sawasawa haiwezekani."

"Alors tuache mutoto mumoja nyumbani?"

"Siku ya uhuru? Mama yake atatukula wazima!"

Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Bon. Ingia weye. Mutakuwa tisini na mbili."

Mistari minne, kila mmoja watu ishirini na watatu. Hesabu safi kabisa! Nikakubali kwa furaha. (Mjinga mimi.) Kumbe sare ni kaptula, na iliyopatikana ilikuwa ya mwanafunzi wa darasa la sita.

Tukafika mbele ya jukwaa. Mimi na ndevu zangu, nimeshikwa mkono na mtoto wa darasa la kwanza. Mtangazaji akanguruma kwenye kipaza sauti:

"Na ule mutoto wa ndevu, amerudilia darasa mara ngapi?"

Kisangani nzima ikaangua kicheko! Jukwaani, Papa Radjabu, baba yake Zaina, msichana ninayemposa, akashusha kofia hadi puani.

Sherehe ilipokwisha Zaina akanifuata, anafuta machozi ya kucheka. Naye ni mwalimu, shule ya wasichana.

"Sababu gani haukupanga mistari saba?"

"Saba haiingii."

"Ulijaribu?"

Niliishia tano.

"Saba mara kumi na tatu?"

Nikahesabu kwa vidole. Nikarudia. Tisini na moja! Tasa gani hiyo? Ilikuwa na vigawo vyake, imetulia, inanitazama.

"Na papa anasema nini?" nikauliza.

"Posa anakubali. Lakini kwanza umalize école primaire."

Basi naomba msicheke. Zaina ameshacheka kwa niaba ya wote.