Povu mu Sufuria ya Basoda

Leo nimepata haya, bandugu. Haya kubwa. Muniache nimalize kwanza, ndipo mutasema.

Tangu vita ifunge barabara ya Beni, hapa Butembo sabuni imekuwa kama dawa (tunaoga na maji na kuomba Mungu). Basi jana nikamwambia mama mukwe kama mimi nitatengeneza yetu. Sisi batu ba Beni tunajua ile kazi. Akaniangalia, akasema sabuni ya ku nyumba haitokake povu, ni kuharibu mafuta bure. Iliniuma. Donc nikatia bidii.

Mafuta ya mawese, soda ya sabuni, kuvuruga mpaka mukono unakufa. Moule ya kumwangia sabuni hatuna. Nikatwaa makopo yake ya kupimia maharagi ku soko (hakuwa nyumbani, ningemuuliza nani?). Nikatandika jani ya ndizi mu kila kopo, ili sabuni itoke muviringo, bila shida. Kwa kopo ya mwisho majani ikaisha, na sabuni ikabakia ya kufunika chini tu. Nikasema bah, itatoka tu.

Asubuhi, sabuni zingine zote zikatoka, nzuri kabisa. Ile moja ikakataa. Nikaiacha ku jua, nikaenda kuchota maji. Kurudi, kopo hapana. Mama mukwe hapana. Kumbe ni siku ya soko.

Nikakimbia mpaka soko ya Kimemi, kitambaa kinaanguka ku kichwa. Nikamukuta mama mbele ya gunia yake. Nikachungulia mu kopo: tupu! Nikamuuliza ameuzia nani. Akasema ni mupishi wa basoda tu, wale basirikali ba kambi ya hapa nyuma. Alilalamika kama maharagi ni kidogo, ingine imenasa ndani, basi mama akapiga kopo chini yake mpaka yote ikaanguka mu mufuko ya yule mupishi.

Mais ile sabuni ingali mubichi, soda ingali kali! Mutu akikula, tumbo inaungua. Basoda bakiungua tumbo, batasema ni sumu. Na mwenye kuuza maharagi ni mama mukwe, hapana mimi. Ni yeye bangekamata.

Nikafika kambi. Sufuria iko ku moto, povu inapanda, inamwangika. Mupishi anaiondoa na mwiko, inarudi, anaiondoa tena, anasema maharagi mapya ndiyo iko hivyo. Komanda ameisha kunawa mikono. Nilitamani kurudi nyumbani pole pole, bila kusema kitu. Yezu na Maria!

“Komanda, hapana kula,” nikasema. “Iko sabuni ndani. Ni mimi niliiweka, bila kujua.”

Komanda akachota povu, akanusa, akaniangalia.

“Wewe, ulitaka kutuua ao kutuosha?”

Kicheko ya kambi ikafika ku soko, na soko yote ikakuja kuangalia. Azabu yangu: kufula ma-uniforme yao yote na maji ya ile sufuria, mbele ya batu, maharagi inanasa mu mifuko ya masuruali. Mikono inaniwasha mpaka sasa. Na povu, bandugu! Ilinifika ku kiwiko.

Mama mukwe akakuja na maharagi ingine ya kuwalipa. Akasimama, akaangalia povu. Nikainamisha kichwa, nikangoja matusi.

“Donc inatokaka,” akasema, akabeba kopo yake, akaenda.

Sasa bamama ba soko banaulizia sabuni yangu. Tafazali, hapana kucheka: bote banataka ile ya maharagi.